Watoto wa South C: vakyumu ya Mama

JUMANNE

[19:42] Rehema: Assalaam aleikum nyote. Wageni wa Salma wanaingia Jumamosi ya wiki ijayo na sebule ya Mama imejaa manyoya ya paka mpaka kwenye mapazia. Ufagio unayarusha tu hewani, Mama anakohoa, jioni yametua pale pale. Tunamnunulia vakyumu, mashine ya kuvuta vumbi. Kila nyumba 2,500, tuko nyumba nane, jumla 20,000. Tumeni kwa namba yangu kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni.

[19:43] Rehema: Bakari, tuambie ya kununua. Sakafu za pale unazijua.

[20:05] Rehema: Naona mmesoma.

[20:20] Hamisi: Waleikum salaam. Kwa nini tusiwanyoe paka? Kinyozi wa pale Mugoya atanifanyia mia tatu kwa wote watatu.

[20:21] Salma: 😂😂 Anko, Simba na kiduku

[20:22] Yusuf: Kidosho yeye asukwe

[20:26] Rehema: Nauliza vakyumu mnaniletea saluni. Bakari!

[20:51] Bakari: Shikamoo Shangazi. Ndiyo nafunga kazi. Tuanze na sakafu. Sebuleni ni terazo, jikoni na korido ni vigae, chumbani kwa Nyanya ni mbao. Mazulia makubwa hakuna, ni mikeka na miswala. Kwa hiyo msilipie mashine yenye brashi ngumu inayozungushwa na mota. Hiyo ni ya zulia. Kwenye terazo inaipiga punje ya mchele ikaingia chini ya kabati, na mchanga wa choo cha paka hivyo hivyo. Halafu manyoya yanajisokota kwenye ncha mbili za brashi, pale inapokalia, mpaka inakwama na mkanda unakatika.

[20:54] Bakari: Tunataka kichwa bapa cha sakafu ngumu, upana kama sentimita 30, kimezungushiwa nywele laini, vigurudumu vya mpira. Kigeuzeni mtazame upande wa mbele. Ile safu ya nywele iwe na mapengo. Ikiwa imezibwa yote, uchafu mkubwa unasukumwa mbele haumezwi. Na vigurudumu vya plastiki tupu vikishika chembe ya mchanga vitachora mbao za chumbani.

[20:56] Yusuf: Mjini, mtaa wa Luthuli, nimeona moja ya wati 2,000. Si hiyo ndiyo kali?

[21:01] Bakari: Wati ni stima inayokula, haikwambii inavuta kiasi gani. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, ukashusha mpaka 900 Septemba 2017, na watu wa huko bado wanasafisha nyumba. Kinachobeba manyoya kwenye sakafu ngumu ni hewa nyingi inayopita chini ya kichwa bila kuvuja njiani. Ya wati 900 iliyofungwa vizuri inaishinda ya 2,000 yenye hosi inayopiga mluzi kwenye maungio.

[21:04] Hamisi: Chukueni ile ya pipa, lita 20. Inavuta hata maji. Mwisho wa maneno.

[21:10] Bakari: Anko, ya pipa ni nzuri kwa gereji na kwa fundi wa ujenzi. Nyumba ya paka ina shida tatu. Nyingi zinatoa hewa kwa tundu la ubavuni, na kwenye terazo upepo ule unayafukuza manyoya kabla kichwa hakijafika. Utayaona yanakimbia kuelekea ukutani. La pili, filta ya kitambaa inapitisha vumbi laini, linarudi sebuleni. La tatu ni maji. Ukivuta maji lazima utoe filta kavu uvalishe sponji. Siku msichana akisahau, filta inalowa, vumbi linageuka tope, mota inaanza kunung'unika.

[21:11] Salma: Mimi nilipenda zile nyembamba zisizo na waya 🥹

[21:16] Bakari: Ni nzuri ukiwa na paka mmoja na vyumba viwili. Ukiiweka kwenye nguvu ya juu nyingi zinafika dakika kumi hivi, halafu chaji saa tatu au nne. Kikombe chake cha vumbi nusu lita. Kwa paka watatu utakimwaga mara mbili kabla hujamaliza sebule. Na mota, kikombe na betri vyote viko mkononi, kilo mbili na nusu mpaka tatu, muda wote. Betri ya lithiamu nayo itachoka baada ya miaka michache. Ulizeni bei ya betri peke yake kabla ya kuuliza ya mashine.

[21:18] Rehema: Basi ni ipi? Nataka jina moja tu.

[21:30] Khadija: Kabla ya jina, jamani, kifua cha Mama. Kinachomkohoza si unyoya wenyewe. Paka ana protini kwenye mate na kwenye tezi za ngozi. Akijilamba inakaukia kwenye manyoya, inabanduka vipande vidogo sana vinavyoelea hewani kwa saa nyingi. Mashine inayovuja nyuma inamwongezea Mama tabu, kwa sababu inavitoa sakafuni na kuvipuliza usawa wa pua. Tafuteni filta iliyoandikwa HEPA H13. Hiyo inanasa asilimia 99.95 ya chembe hata zile zilizo ngumu kunaswa. Ikiandikwa tu "aina ya HEPA" bila namba, waachieni wenyewe.

[21:32] Bakari: Shangazi Khadija amesema kweli. Na filta peke yake haitoshi, mwangalie ule mpira unaozunguka mlango wake. Ukiwa umelegea, hewa inapita pembeni na filta inabaki pambo.

[21:33] Khadija: Na iwe ya mfuko. Kumwaga kikombe ndani ya nyumba ni kumpulizia Mama vumbi la wiki nzima.

[21:35] Rehema: Mifuko ni gharama kila mwezi. Nani atalipa? Mimi tena?

[21:37] Hamisi: Rehema na "mimi tena" 😄 tuandike wimbo

[21:38] Yusuf: Kiitikio Khadija

[21:40] Rehema: Hamisi hujatuma.

[22:15] Mama Zuhura: Nimetuma 2,500.

[22:16] Rehema: Ahsante dada yangu. Moja. Bado saba.

JUMATANO

[06:12] Omari Dallas: Salaam wapendwa, huku ni usiku. Rafiki yangu anasafiri kuja Nairobi Jumatatu. Huku bei ni nafuu, naweza kumpa moja aje nayo.

[06:14] Rehema: Alhamdulillahi! Omari ndiye mtoto.

[06:40] Bakari: Shangazi ngoja. Omari, ya waya usimpe. Huko ni volti 120, hapa 240. Ukiichomeka hivi hivi mota inapewa volti mara mbili, itanguruma sekunde chache halafu moshi. Transfoma ya kushusha stima kwa mashine ya wati 1,200 iwe angalau ya 1,500, ni zito, linapata moto, na Nyanya atalivuta chumba kwa chumba.

[06:43] Bakari: Ya betri inawezekana kama chaja imeandikwa INPUT 100-240V 50/60Hz. Plagi tutabadilisha hapa, iwe ya meno matatu bapa. Betri itolewe iende kwenye begi la mkononi, siyo lile linaloingia chini. Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa) zilizoandikwa kwenye betri: 25.2 mara 2.5 ni kama 63 Wh (wati-saa), hiyo inapita. Ikivuka 100 aombe ruhusa ya shirika la ndege kwanza.

[07:30] Omari Dallas: Sawa. Basi nitume pesa tu?

[07:31] Rehema: Tuma pesa, Omari.

[12:48] Rehema: Mchana mwema. Khadija amekuwa wa pili. Bado sita. Jumamosi naenda mjini kununua mwenyewe.

[12:55] Khadija: Risiti iwekwe hapa hapa kundini, na picha ya kibandiko cha nyuma. Tusirudie ya friji.

[12:57] Hamisi: Friji imeingiaje hapa?

[13:01] Khadija: Imeingia kwa sababu tulichanga watu wanane.

[13:02] Mama Zuhura: Tulikubaliana milango miwili.

[13:06] Hamisi: Niliongeza 4,000 yangu mfukoni na mkokoteni nikalipa mimi. Hilo hakuna anayelikumbuka miaka yote hii. Na barafu inatengeneza au haitengenezi?

[13:07] Yusuf: Inatengeneza mpaka samaki wanaomba blanketi

[13:08] Rehema: Yusuf, si sasa.

[13:09] Khadija: Ujumbe huu umefutwa

[13:10] Hamisi: Nimeusoma kabla hujafuta.

[13:41] Babu Athumani: Nimesoma kuanzia juu. Neno la friji nililimaliza mimi, mbele ya mama yenu, na kila mmoja alisema ameridhika. Anayelifukua ananifukua mimi. La pili. Mmepiga hesabu ya wati, mmefika Marekani na kurudi, na hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani utakaoisukuma. Mama yenu ana magoti. Anayesafisha nyumba ile ni Mwanajuma. Msinunue kitu Mwanajuma hajakishika.

[16:20] Rehema: Ndiyo Mjomba.

[16:22] Mama Zuhura: Tumesikia Mjomba.

[16:31] Bakari: Ndiyo Babu.

[17:05] Khadija: Samahani Mjomba.

[19:20] Bakari: Kwa neno la Babu, nadhani ni ile ya kuburuta: mwili una magurudumu unafuata nyuma, mkononi ni bomba tu. Mwili kilo nne mpaka sita, lakini haubebwi ila kwenye ngazi. Bomba liwe la kurefusha. Mwanajuma akisimama wima mkono ufike kiunoni bila kuinama. Waya mita tano au zaidi, kwa sababu sebuleni soketi ni ile moja nyuma ya kochi. Mkitumia ekstensheni ya kukunja, waya ufunguliwe wote, ukiwa umeviringishwa unachemka. Na pasi isichomekwe hapo hapo.

[19:26] Bakari: Dukani mwende na vitu vitatu: kijiko cha mchele, kijiko kidogo cha unga wa ngano, na manyoya ya Simba kwenye karatasi. Mwambieni muuzaji aiwashe. Mwagieni kwenye vigae vya duka, unga uwe sambamba na ukuta. Mwanajuma apitishe mara moja tu, mwendo wa kawaida. Mchele ukirushwa pembeni, kichwa si chake. Unga ukibaki mstari kandokando ya ukuta, kichwa hakifiki ukingoni. Manyoya yakikimbia, tafuteni hewa inatokea wapi. Halafu azungushe mkono kwenye maungio ya hosi na mlango wa mfuko, akisikia upepo popote mnairudisha kwenye shelfu.

[19:28] Salma: Manyoya ya Simba nakusanya mimi. Kuna kilo kwenye kochi.

[19:30] Bakari: Kochi lina kichwa chake kidogo chenye utepe wa kitambaa chekundu, kiwe ndani ya boksi. Kwa mswala, kwanza pitisha glavu ya mpira iliyolowa kidogo, manyoya yanajikusanya vibonge, ndipo uvute.

[19:44] Rehema: Na mfuko au kikombe? Malizeni hilo.

[19:58] Bakari: Mfuko, kwa kifua cha Nyanya. Lakini sharti moja: duka hilo hilo liwe na pakiti za mifuko kwenye shelfu leo, siyo "itakuja". Namba ya mfuko ifanane na ya mashine. Mfuko wa kitambaa ni bora kuliko wa karatasi, hauzibi haraka. Ubadilishwe ukifika theluthi mbili. Usimwagwe ukarudishwa: vitundu vyake vimeshaziba, na ukipasuka ndani vumbi jekundu linakwenda kwenye mota na kula kaboni zake zinazopitisha stima.

[20:03] Rehema: Kikombe si unaosha tu?

[20:09] Bakari: Kikombe unaosha, na sponji yake unaosha kila mwezi kwa maji baridi bila sabuni, halafu ikauke kivulini saa 24. Julai weka 48. Ikirudishwa mbichi inanuka paka na mota inavuta unyevu. Ukichagua kikombe nunua sponji mbili, na kimwagwe nje, upepo ukiwa mgongoni. Filta ya H13 ya karatasi haioshwi kabisa, hata kama mtu wa duka atasema inaoshwa, isipokuwa imeandikwa hivyo.

[20:12] Khadija: Mfuko.

[20:13] Rehema: Kikombe. Mjomba atasemaje?

[20:40] Bakari: La muhimu lisisahaulike: majivu ya chetezo cha Nyanya yasivutwe. Akimaliza kufukiza udi, hata yakionekana yamekufa, cheche moja inawasha manyoya ndani ya mfuko na hewa inaipepea. Yaachwe yapoe kabisa, ndipo yazolewe kwa karatasi. Na paka akitapika, ni kitambaa, siyo mashine.

[20:41] Yusuf: Stima je? Tokeni za Nyanya zinaisha kwa TV tu

[20:44] Bakari: Wati 1,000 kwa dakika 20 ni theluthi moja ya yuniti. TV ndiyo muizungumzie.

ALHAMISI

[09:15] Rehema: Waliotuma: Zuhura, Khadija, Omari, mimi. Bado wanne. Jumamosi saa nne asubuhi, mimi na Mwanajuma na Bakari, tunakutana Luthuli.

[11:02] Bakari: Jumamosi niko kazini mpaka saa nane Shangazi.

[11:03] Rehema: Saa nane basi.

[11:20] Salma: Mwanajuma Jumamosi ana ruhusa ya kwenda kwao, si mlikubaliana?

[11:24] Rehema: Nani alikubali?

[11:25] Salma: Nyanya.

[13:50] Babu Athumani: Jumapili basi. Na iwe ya mfuko.

[13:58] Khadija: Ahsante Mjomba.

[14:10] Rehema: Sawa Mjomba. Ila Jumapili Luthuli maduka mengi yamefungwa. Bakari?

[18:36] Hamisi: Nimetuma 2,500. Gari ninalo, nitawabeba siku yoyote. Risiti itaandikwa jina la nani?

[18:52] Rehema: Bakari, Jumapili au Jumatatu jioni? Mwanajuma anarudi saa ngapi?