Ushauri: nataka kuanza kufinyanga sanamu, nipo Dodoma, mfukoni nina elfu hamsini

Mpangaji_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni kijana, kazi yangu ni ya ofisini hapa mjini, nimepanga chumba kimoja Nkuhungu. Nikikaa bure mikono inatafuta cha kufanya, na kwa muda sasa nimetamani kufinyanga sanamu. Si vyungu, sanamu: vichwa vya watu, ng'ombe wenye nundu, ndege.

Tatizo hela. Nimetenga elfu hamsini na nisingependa iishe yote. Video za mtandaoni zinakatisha tamaa: udongo wa kununua kwenye paketi, seti ya vifaa inayong'aa, tanuri la umeme kubwa kama friji. Nikiweka usafirishaji na ushuru juu yake naona hii ni starehe ya wenye nazo.

Naomba kujua: huu udongo mweusi wa mbuga uliojaa huku unafaa? Vifaa gani siwezi kuvikwepa? Na kuchoma nitachomea wapi, wakati uwanja ni wa wapangaji wote na mama mwenye nyumba hataki moshi hata wa jiko la mkaa? Je, sanamu isipochomwa inadumu?

Natanguliza shukrani.

Mtoto_wa_AreaC

Mkuu, unga wa ngano, chumvi na maji. Unakanda, unafinyanga, unaanika. Moto wa nini? Mdogo wangu alifanyia kazi ya shule wakampa alama zote.

KibandaUmiza

Mende wa Nkuhungu nao watampa alama zote.

Bi_Makulu

Mwanangu, karibu kwenye kuchafuka. Hiyo elfu hamsini iache ilale kwanza. Nimefundisha watoto na watu wazima kufinyanga, na pesa ninayoona ikipotea kila mara ni ya vifaa, wakati kinachowashinda watu ni udongo wenyewe.

Ule mweusi wa mbuga usiutumie peke yake. Unanata vizuri sana mkononi, ndiyo maana unawadanganya wengi. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa kupita kiasi. Nenda mashambani mwezi wa tisa uone nyufa ambazo mkono unaingia. Uso wa sanamu yako utafanya vivyo hivyo. Wapo wanaouchanganya na mchanga mwingi wakafanikiwa, lakini huko si pa kuanzia.

Tafuta wa kijivu, wa hudhurungi au mwekundu unaonata. Anza kuuliza kwa wachoma matofali, maana udongo wao umeshaonja moto na unajulikana tabia yake. Kichuguu kilichohamwa nacho ni kizuri: mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini, kokoto wanaziacha. Kingo za korongo pia, ukishaondoa tabaka la juu lenye mizizi. Muombe ruhusa mwenye eneo, na usiingie kwenye shimo refu la kuta zilizosimama wima, yale huporomoka. Ndoo mbili zitakutosha muda mrefu. Upande wa mbuga ya Bahi mimi ningeuacha, kule watu huvuna chumvi, na udongo wenye chumvi ukikauka unatoa utando mweupe.

Ukishaufikisha nyumbani, upime kabla hujaupenda. Viringisha ujiti mnene kama penseli uuzungushie kidole: ukikatika, haunati vya kutosha. Tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10, kikikauka kabisa upime tena. Ukikuta 9.3 au 9.5, uko salama. Ukishuka chini ya 9 utakupasukia, ongeza mchanga laini au vigae vya chungu kilichovunjika ulivyotwanga. Vigae navipenda zaidi, kwa kuwa vimeshaungua havisinyai tena. Sehemu moja ya vigae kwa tano au sita za udongo. Mwisho dondoshea siki bonge kavu. Ukitoa povu, umo chokaa. Punje za chokaa hazionekani zikitoka motoni, baadaye zinanyonya unyevu wa hewa, zinavimba na kubandua ngozi ya sanamu ikiwa imeshakaa kabatini.

Kuusafisha: kausha kwanza, ponda, ndipo uloweke. Hapa wengi wanaruka hatua. Udongo mkavu ukiingia majini unasambaratika wenyewe. Ukiuloweka ungali na unyevu unabaki mabonge siku nzima. Koroga uwe rojo, chuja kwa wavu wa mbu wa dirishani, uache utuame, mwaga maji ya juu, kisha utie kwenye foronya kuukuu uitundike. Hali ya hewa ya Dodoma itakumalizia. Ukishikika bila kuganda vidoleni, kanda kwa nguvu, ufunge usikauke. Ukilala wiki kadhaa unazidi kunata.

Mpangaji_Nkuhungu

Bi Makulu, shikamoo. Hili ni darasa zima. Na vifaa?

Spoku

Nenda kwa fundi baiskeli yeyote, akupe spoku zilizokatika. Ikunje moja iwe kitanzi, ifunge kwenye kijiti kwa waya: hicho ndicho kifaa cha kukombea udongo, na ndicho kwenye seti za madukani kinabeba bei. Kipande cha msumeno wa chuma kwa kusawazisha. Mshipi wa kuvulia samaki kwa kukatia. Kisu cha mezani, kijiko, kijiti cha mshikaki, kadi ya benki iliyokwisha muda. Ubao wa kufanyia kazi, na juu yake kipande cha kitambaa ili sanamu isigande. Hapo umetumia nauli ya daladala tu.

Ukitaka anasa moja, tafuta beringi kubwa ya zamani gereji, uweke kati ya mbao mbili, upate meza ya kuzungusha. Kichwa cha mtu kinahitaji kuzungushwa, ukikaa upande mmoja utakuta sikio la pili limekwenda kwenye shingo.

Mchonga_Mpingo

Naheshimu yaliyosemwa ila natofautiana kidogo. Mtu mwenye chumba kimoja wa nini kuchoma? Afinyange kwa udongo wowote unaonata, hata huo wa mbuga, na ukiwa bado mbichi aumwagie jipsamu ya unga ile ya mafundi dari, apate kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia. Kisha ajaze saruji. Udongo anaurudisha kwenye ndoo, anautumia tena na tena. Hata waya wa kufungia nondo anaweza kuuweka ndani kama mifupa, maana hauendi motoni. Sanamu nyingi za barabarani zilianza kwa udongo kabla ya kuwa saruji au shaba.

Bi_Makulu

Kwa kichwa kikubwa uko sahihi kabisa. Lakini anayeanza akibebeshwa kalibu ya vipande viwili juu ya kufinyanga, atajifunza jipsamu badala ya kujifunza uso. Na mpangaji, ukijaribu njia hiyo usimwage masalia ya jipsamu kwenye sinki, yanaganda humo. Tena usiruhusu hata chembe iingie kwenye udongo wa kuchoma, inabandua kama chokaa.

Kuhusu kutochoma: inadumu ikikaa kavu na bila kuguswa. Ikimwagikiwa maji inarudi matope. Udongo hauwi kigae mpaka upite nyuzi 600 hivi za moto.

Fundi_Tofali

Nimeona mmetutaja. Mimi nachoma matofali pembeni ya jiji, akina mama wa vyungu wameshaniletea kazi zao, na dogo mmoja wa chuo aliniletea sanamu.

Sikiliza boss. Tanuri letu ni matofali yenyewe yaliyopangwa, chini tunaacha matundu ya kuni, nje tunakandika matope. Moto unaanza mdogo, kuutoa unyevu, ndipo tunaongeza. Kupoa kwake peke yake ni siku. Huo upole ndio sanamu inautaka, kwenye moto wa wazi joto linapanda haraka sana.

Njoo wakati tunapanga, si wakati tumeshawasha. Watu wanakuja na kitu mkononi moto unawaka wanasema nichomekee hapo. Nichomeke wapi? Pembeni mwa tundu la moto usikubali kuwekwa, pale tofali linapinda na mengine yanayeyuka. Ukingo wa nje kabisa haliivi. Unataka katikati, juu kidogo ya matundu. Tunakuachia nafasi ya matofali mawili matatu, unaiweka humo ikiwa imelala, hakuna kinachoikandamiza. Malipo mtaelewana, kwa kitu kidogo mimi sichaji mtu, ila usije mikono mitupu na vijana wana kiu.

Na iwe kavu. Kavu kweli. Iweke shavuni, ukisikia ubaridi bado ina maji. Ikilipuka mle ndani inavunja na ya mwenzako.

Mtoto_wa_AreaC

Si kinacholipua ni hewa ndani ya udongo? Ndivyo wanavyosema.

Bi_Makulu

Ni maji. Yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unapasua. Hewa kwenye kipande kikavu haina shida, ila penye tundu la hewa ndani ya kipande kinene mara nyingi unyevu nao umebaki, ndiyo hewa ikapewa kesi. Karibu nyuzi 573 mchanga wa kwatzi uliomo ndani ya udongo unatanuka ghafla, na wakati wa kupoa unasinyaa ghafla, kwa hiyo fundi akisema usifungue tanuri usimsumbue.

Ndiyo maana sanamu lazima iwe na uwazi ndani. Kichwa kifinyange kikiwa kimejaa, ukiache kikakamae kiasi cha kukatika kama jibini, ukikate vipande viwili kwa mshipi, ukombe kwa ile spoku mpaka ukuta ubaki unene wa kidole. Kwaruza kingo zote mbili, paka rojo la udongo uleule, gandamiza, ziba mshono. Toboa tundu dogo chini au nyuma ya sikio mvuke upite. Ng'ombe vilevile, mkombe kupitia tumboni. Nundu ndiyo watu husahau, wanakomba kiwiliwili vizuri, nundu inabaki bonge.

Mpangaji_Nkuhungu

Nimerudi wakuu. Udongo nimeupata kwa wachoma matofali, mwekundu, umezunguka kidole bila kukatika. Siki imetoa povu. Je, niutupe?

Pia nimeanza na bundi, miguu inanyauka kabla tumbo halijakauka, na shingoni pametokea ufa. Huu upepo wa sasa hivi hauna huruma.

Fundi_Tofali

Udongo wa huku chokaa ni kawaida, matofali yanavumilia.

Bi_Makulu

Angalia povu limetokea wapi. Kama ni kwenye vidonge vyeupe unavyoviona kwa macho, uchuje tena kwa kitambaa cha kanga, punje kubwa ndizo zenye madhara, vumbi lake si tatizo kubwa. Kama povu linatoka bonge zima, tafuta sehemu nyingine, au huo utumie kufanyia mazoezi usiuchome.

Upepo wa Dodoma kuanzia mwezi wa sita ni adui wa mfinyanzi kuliko mvua. Miguu, masikio na midomo ya ndege vifungwe kitambaa chenye unyevu, kisha sanamu nzima ifunikwe nailoni. Mifuko ya kubebea ilikatazwa tangu Juni 2019, lakini nailoni ya kufungia magodoro ipo, waombe wauza samani. Fungua kidogo kidogo kila siku. Usianike juani. Usiweke juu ya saruji tupu, chini inakwama juu inasinyaa. Weka juu ya gazeti ili iteleze inapojikunja.

Ufa wa shingoni usiuzibe kwa udongo mbichi, utatoka tena palepale. Kama bado kuna unyevu, kwaruza ndani ya ufa, tia siki na rojo zito, gandamiza kwa nyuma ya kijiko. Kama kumekauka kabisa, ponda huyo bundi umloweke. Udongo hautupwi mpaka uingie motoni.

Spoku

Na usifagie chumba unacholala kwa ufagio mkavu. Lile vumbi si zuri kwa mapafu. Tambaa la maji.

Mama_Kondoa

Nafuatilia kimya kimya. Rangi mnapaka nini? Kwetu Kolo michoro ya miamba, ile iliyoingia urithi wa dunia 2006, nyekundu yake ni ya mawe tu na imekaa hadi leo.

Bi_Makulu

Hiyo ni kutu ya chuma, na inavumilia moto. Chukua udongo mwekundu sana, uchuje mpaka uwe laini, upake kama rojo jepesi sanamu ikiwa imekakamaa lakini bado ina ubaridi. Ikinywa, sugua kwa kijiwe laini cha mtoni au nyuma ya kijiko mpaka ing'ae. Wafinyanzi wengi nchini wanafanya hivyo kwenye vyungu, Wakisi wa Ikombe kule Ziwa Nyasa kazi zao utazitambua kwa urembo wa mwekundu na mweupe. Rangi ya mafuta paka baada ya kuchoma, si kabla.

Ndugu_wa_Singida

Samahani kuingilia. Nikitaka nyeupe, naweza kuchanganya jipsamu na udongo? Itigi kwetu hapa jipsamu ipo ya kutosha.

Mchonga_Mpingo

Usithubutu. Bi Makulu ameshaeleza, inabandua. Nyeupe ya kuvumilia moto ni kaolini, udongo mweupe laini, ile ya vilima vya Pugu ndiyo inayojulikana. Kama huna mtu wa kukuletea kutoka Pwani, fanya sanamu ya udongo wako, ichome, halafu ipake chokaa ya kupakia nyumba. Ila hiyo iwe ya ndani, mvua itaiosha.