Kumlazimisha mfanyakazi aliye mbali awashe lokesheni kutwa nzima, mnaliunga mkono hili?

Wadau nawasalimu kutoka Kigoma. Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa naomba tulijadili bila kuoneana aibu. Nasimamia mabwana shamba na mabibi shamba 7 wa mradi mmoja wa kilimo, jina la taasisi naliacha. Mimi niko hapa mjini, wao wametawanyika Kakonko, Kibondo, Kasulu, Buhigwe na Uvinza, bosi wetu yuko Dar, yaani timu nzima inaendeshwa kwa simu. Sasa Dar wametuletea kwamba kuanzia mwezi ujao kila afisa awashe lokesheni saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni tuwe tunamwona kwenye ramani, asiyeonekana anakatwa posho ya siku hiyo. Wanasema mtu asiyefuatiliwa analala.

Mimi nalikataa, na silikatai kwa nadharia maana mwaka jana tulilijaribu miezi miwili.

Kilichotokea ni hiki. Vijiji vyenye wakulima wenye shida kweli huku kwetu ndiyo hivyo hivyo ambavyo mtandao unapatikana ukipanda kilima. Afisa wangu wa Uvinza akienda huko anapotea kwenye ramani, akikaa senta karibu na mnara anaonekana vizuri kabisa. Mnadhani alichagua nini, na ana watoto wanaosubiri ile posho? Mwezi wa pili ramani ilikuwa safi, kila mtu anaonekana, halafu wakulima wa ndani wakaanza kunipigia wanauliza mtu wenu mmemhamisha? Tuliwavuta watu wetu kutoka mashambani kwa mikono yetu wenyewe.

La pili linaniuma mpaka leo. Dada yetu aliyeko Manyovu, mpakani kabisa, alikuwa anachelewa kikao cha simu cha Jumatatu saa 2, siyo mara moja wala mbili, na mimi nikamsema kwenye grupu mbele ya wenzake. Hakujibu kitu. Baada ya hapo akawa kimya vikaoni, ukimuuliza ni ndiyo na hapana tu. Nilipokuja kwenda kwake na pikipiki nikakaa nyumbani kwake nikaweka simu mezani, nayo ikadaka mtandao wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu kwa saa 1, basi saa ya simu ikarudi yenyewe nikiitazama. Simu yake ndiyo saa yake. Angekuwa ananiambia hilo mapema kama ningempigia nikamuuliza kuna nini dada, badala ya kumsema hadharani. Nilimwomba radhi pale pale na wiki iliyofuata nikamwomba kwenye lile lile grupu, kwa sababu ndiko nilikomvunjia heshima.

Tangu siku hiyo nimebadilisha utaratibu. Kila afisa nampigia mara moja kwa wiki yeye peke yake, na dakika 10 za kwanza sigusi ripoti kabisa, naanza na nyumbani vipi, pikipiki inakusumbua, nani kakukwamisha. Bando linatumwa kabla ya mwezi kuanza, siyo mtu atumie lake halafu asubiri kurudishiwa. Na mara moja kwa mwezi tunakutana Kasulu maana ndiyo katikati, nauli inalipwa, tunakula pamoja, na ukweli nisiowahi kuusikia kwenye simu nausikia pale.

Halafu kuna sheria jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ikizidi hapo ni ovataimu ya mara moja na nusu, lakini watu huku wanadaiwa picha za shamba saa 3 usiku na hakuna anayehesabu. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Simu ni ya kwake, kainunua mwenyewe, kama mahali alipo kila dakika siyo taarifa yake binafsi basi ipi ni binafsi?

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniambia natetea wezi, hela ya mradi inaliwa, mafuta ya pikipiki yanauzwa. Mkuu wizi upo, sikatai. Nilikuwa na kijana mmoja aliuza mafuta miezi 3 mfululizo huku yeye anafanya biashara yake ya maharage, na lokesheni yake haikuwa na doa hata siku moja, maana simu alikuwa anamwachia bodaboda wa kijiji anachotakiwa kuwepo. Nilimnasa kwa kuwapigia wakulima watatu nikawauliza mara ya mwisho alikuja lini. Dakika 15 tu, na sikuhitaji kumchunga dada wa Manyovu ili nimpate yeye.

Kikao na Dar ni Alhamisi. Mlioko Tabora huko Sikonge na Kaliua, hasa ninyi mnaosimamiwa, siyo mabosi peke yao, kwenu inafanywaje na mnaionaje? Nataka niyapeleke kama mlivyoyaandika.