Filamu za matamasha na makala za Pink Floyd: zinapatikana wapi, na nianze na ipi?

Mwanagitaa

Ndugu zangu, salaam. Pink Floyd, ile bendi ya roki ya Uingereza, nawajua kwa masikio tu: albamu zao ninazo karibu zote, lakini sijapata kuwaona wakipiga. Sasa nataka kuwatazama, na kila nikitafuta nazidi kuchanganyikiwa. Filamu ya Pompeii, ile waliyopiga muziki katika mji wa kale wa Italia, peke yake naiona ikiuzwa kwa urefu tofauti tofauti, na katika toleo mojawapo kuna picha za anga za juu ambazo sielewi ziliingiaje. Halafu ziko filamu za makala zilizoandikwa jina la bendi kwa herufi kubwa kwenye jalada, lakini ukizifungua husikii hata wimbo wao mmoja; unaona tu watu wameketi wakisimulia jinsi nyimbo hizo zilivyokuwa nzuri.

Ninachokitamani hasa ni tamasha la enzi ya albamu yao The Dark Side of the Moon, yaani mwaka 1973 au karibu na hapo, wanamuziki wote wanne wakiwa jukwaani. Je, lipo? Na kama lipo, nitalitazama wapi kwa njia halali? Ningependa pia kujua kama diski iliyonunuliwa nje ya nchi itakubali kufanya kazi katika mashine yangu, maana nimesikia habari za maeneo na misimbo lakini sijazielewa.

KandaNaFilamu

Ndugu Mwanagitaa, nianze na jibu lisilopendeza: tamasha zima la enzi hiyo, lililopigwa picha kitaalamu na kutolewa rasmi, halipo. Katika ziara zao za kuanzia 1973 hadi 1977 hakuna filamu kamili iliyotolewa na bendi. Vipande unavyovikuta mtandaoni vilichukuliwa na watazamaji kwa kamera ndogo za milimita 8, kisha mashabiki wakaviunganisha na sauti iliyorekodiwa na mtu mwingine, pengine hata katika onyesho la usiku mwingine. Kwa kumbukumbu ya kihistoria vina thamani yake, lakini usivitarajie vikupe saa mbili za starehe.

Kinachokaribia unachokitafuta kinapatikana sehemu mbili. Kwanza ni picha za studio ya Abbey Road zilizomo katika filamu ya Pompeii, ambamo utawaona wote wanne, yaani Roger Waters wa besi, David Gilmour wa gitaa, Richard Wright wa kinanda na Nick Mason wa dramu, wakiishughulikia albamu hiyo kabla haijatoka. Pili ni PULSE, filamu ya tamasha iliyorekodiwa katika ukumbi wa Earls Court, London, tarehe 20 Oktoba 1994, ambamo albamu nzima inapigwa mwanzo hadi mwisho. Ila Roger Waters hayumo, kwa kuwa alijitoa katika bendi mwaka 1985.

Sasa kuhusu Pompeii na urefu wake unaobadilika. Mwongozaji Adrian Maben aliwapiga picha Oktoba 1971 katika uwanja wa maonyesho wa Warumi wa kale, bila hadhira, vyombo vyao vya jukwaani vikiwa vimesafirishwa kutoka Uingereza. Umeme uliwasumbua, siku za kazi zikapungua, na nyimbo ambazo hazikuwahi kupigwa pale zikamaliziwa studioni Paris. Filamu ya kwanza, iliyotoka 1972, ilikuwa ya takriban saa moja na ilikuwa muziki mtupu. Mwaka 1974 likatoka toleo refu zaidi, likiwa limeongezewa hizo picha za Abbey Road na mazungumzo. Kisha kwa ajili ya DVD ya 2003 Maben akaihariri upya na kuingiza picha zilizotengenezwa kwa kompyuta, na hapo ndipo zilipotoka hizo picha za anga zinazokushangaza. Kwa maoni yangu zinaharibu zaidi kuliko zinavyojenga, kwani uzuri wa filamu ile ni mawe, vumbi, jua na watu wanne wanaofanya kazi. Mwisho, mwezi Aprili 2025, filamu ilirudi katika majumba ya sinema kwa jina la Pink Floyd at Pompeii – MCMLXXII, ikiwa imesafishwa kutoka katika negativu zake za milimita 35, yaani zile filamu halisi zilizopita ndani ya kamera, huku sauti ikichanganywa upya na mwanamuziki Steven Wilson. Blu-ray na DVD zake zilitoka tarehe 2 Mei mwaka huo huo. Hilo ndilo toleo la kutafuta.

Utaona katika wimbo wa One of These Days kwamba kamera haimwachi mpiga dramu, Nick Mason. Sababu ni kwamba sehemu ya picha za wimbo huo zilipotea, na mhariri akalazimika kutumia kilichobaki. Tuliobahatika ni sisi, kwa maana mahali fulani kijiti kinamponyoka mkononi na anachukua kingine bila mdundo kuyumba.

Nimezitaja negativu kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazoamua ni diski ipi inastahili fedha yako, kuliko mwaka wa tamasha na kuliko maneno ya jalada. Filamu ya milimita 35 huhifadhi maelezo mengi mno ya picha, kiasi kwamba hata baada ya nusu karne inaweza kupitishwa tena katika skana ya kisasa na ikatoa vitu ambavyo hakuna aliyeviona kwenye televisheni za zamani. Kanda ya video ya enzi zile haina hazina hiyo. Picha yake imeundwa kwa mistari, na mistari iliyorekodiwa ndiyo hiyo hiyo, na anayeikuza hapati kipya. Ndiyo maana Delicate Sound of Thunder, iliyopigwa kwa milimita 35 katika ukumbi wa Nassau Coliseum, jimboni New York, Agosti 1988, leo inaonekana kali kuliko PULSE iliyopigwa miaka sita baadaye kwa kanda ya video. Ile ya 1988 ilitoka kwanza kwa kanda za VHS, na kwa miaka mingi watu wakaamini ni kazi hafifu. Iliposafishwa na kuhaririwa upya kwa ajili ya mkusanyiko wa The Later Years wa 2019, kisha ikauzwa peke yake Novemba 2020, ilikuwa kana kwamba ni filamu nyingine.

BintiKinanda

Kuhusu makala, nami niongeze machache. Hizo ambazo husikii wimbo hata mmoja zilitengenezwa na watu wasiokuwa na kibali cha kutumia muziki. Kisheria mtu anaweza kumhoji mwandishi wa habari kuhusu bendi bila kuiomba ruhusa bendi yenyewe, lakini hawezi kuweka wimbo wao bila kulipia haki. Kwa hiyo kabla hujalipa, soma maandishi madogo ya nyuma ya jalada au ya chini ya ukurasa. Katika kazi za bendi yenyewe utakuta mwenye haki ametajwa kuwa Pink Floyd Music Ltd au Pink Floyd (1987) Ltd. Makala za watayarishaji wengine wenye kibali nazo zitaorodhesha nyimbo zilizotumika. Palipo na neno la kusema kuwa kazi haikuidhinishwa, hata likiandikwa kama sifa, pita mbali.

Zenye uzito ni chache. Kipindi cha mfululizo wa Classic Albums kuhusu The Dark Side of the Moon, cha mwaka 2003, kinawahoji wote wanne, kila mmoja kwa nafasi yake, na kinafungua nyimbo sauti moja baada ya nyingine kwenye meza ya kuchanganyia. Kwa mtu aliyezoea albamu hiyo, ni darasa. The Story of Wish You Were Here ya 2012 imetengenezwa kwa mtindo wa karibu na huo, na ndani yake mnasimuliwa siku ya Juni 1975 ambapo Syd Barrett, mwanzilishi wao aliyeugua na kuachwa nje ya bendi, aliingia Abbey Road wakati wenzake wakirekodi na hawakumtambua.

Ukitaka kisa cha Barrett kwa ukamilifu, ipo Have You Got It Yet? ya 2023, iliyoongozwa na Roddy Bogawa pamoja na Storm Thorgerson, mbunifu wa majalada yao aliyefariki 2013. Uzito wake unatokana na hilo: anayeuliza maswali alikuwa rafiki wa ujanani, na wanaojibu hawajibu kama watu wanaotangaza bidhaa.

MzeeSanturi

Nimesoma aliyoyaandika KandaNaFilamu na kwa sehemu kubwa nakubaliana naye, ila PULSE ameipimia kwa kibaba kidogo. Ni kweli picha yake ni laini na haitanolewa ikawa kali. Lakini tamasha si picha tu. Sauti yake ni safi sana, bendi imekwisha kuzoeana baada ya ziara ndefu, na pale kwenye wimbo wa Comfortably Numb, gitaa la David Gilmour linapolia huku lile tufe kubwa la vioo likifunguka kama ua na kumwaga mwanga ukumbi mzima, sijaona mtu akilalamika juu ya idadi ya mistari. Toleo la Blu-ray la 2022 ndilo bora kati ya yaliyopo.

Tahadhari nyingine kwa Ndugu Mwanagitaa: usinunue The Wall ya mwaka 1982 ukidhani ni tamasha. Ni filamu ya maigizo iliyoongozwa na Alan Parker, mhusika mkuu akiwa Bob Geldof, pamoja na michoro hai ya Gerald Scarfe. Maonyesho yenyewe ya 1980 na 1981, yale ambayo ukuta ulijengwa jukwaani mbele ya macho ya watu, hayajapata kutolewa rasmi kama tamasha kamili. Mwanzoni Parker na wenzake walitaka kutumia picha za jukwaani kutoka Earls Court, lakini giza la ukumbini liliwashinda na wazo hilo likaachwa.

Kuhusu mahali pa kutazama, pa bure na halali ni chaneli rasmi ya bendi kwenye YouTube, ambako kuna nyimbo moja moja kutoka PULSE, Delicate Sound of Thunder na Pompeii, na pia kutoka tamasha la Live 8 la tarehe 2 Julai 2005. Hiyo ya mwisho usiikose, maana ndiyo mara pekee baada ya 1981 ambapo Waters, Gilmour, Mason na Richard Wright walisimama tena pamoja jukwaani. Wright alifariki 2008, kwa hiyo haitarudiwa.

Kwa filamu nzima, huduma za mtandaoni zinabadilika kila mara, kwa kuwa haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi na kwa muda maalumu. Filamu inayoonekana leo katika nchi moja haionekani katika nyingine, na mwakani mambo yanaweza kugeuka. Badala ya kufungua huduma moja baada ya nyingine, tumia tovuti ya JustWatch, chagua nchi uliyopo, kisha andika jina la filamu. Itakuonyesha kama ni ya kukodi, ya kununua au imo katika usajili. Andika jina la filamu yenyewe, si la bendi, la sivyo utaletewa zile makala alizozitaja BintiKinanda.

Diski nazo zina kanuni zake. DVD zina misimbo ya maeneo ya dunia, yaani diski ya eneo moja huenda isikubaliwe na mashine ya eneo jingine, na Blu-ray zimegawanywa katika maeneo matatu ya A, B na C. Hata hivyo, diski nyingi za muziki hutolewa bila kizuizi, na hilo huandikwa kwa alama ya 0 au neno lenye maana ya maeneo yote. Kwa DVD kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau: mfumo wa picha, PAL au NTSC. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya NTSC peke yake inaweza kuikataa diski ya PAL hata kama haina msimbo wa eneo.

Mwanagitaa

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Mashine yangu inacheza Blu-ray, lakini kwa sasa nitaweza kununua moja tu, na nitaitazama pamoja na mdogo wangu ambaye haijui bendi hii kabisa. Televisheni ina spika zake mbili za kawaida. Je, bado ni Pompeii?

KandaNaFilamu

Kwa upande wako, ndiyo, kwa kuwa ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayowaonyesha wote wanne, na zile picha za Abbey Road zitakupoza kiu ya 1973. Mdogo wako anaweza kuchoka. Wimbo wa Echoes ni mrefu, umegawanywa ukafungua na kuifunga filamu, na katikati kuna upatu mkubwa, upepo na mbwa anayeimba. Mwonyesheni kwanza nyimbo mbili au tatu za PULSE kwenye YouTube. Akivutiwa, na Pompeii ataivumilia. Akikataa kabisa, chukueni Delicate Sound of Thunder, ambayo ina taa, waitikiaji na nyimbo ambazo hata asiyewajua huenda amepata kuzisikia mahali.

Kwa spika mbili, ingia katika menyu ya diski uchague sauti ya stirio badala ya ile ya spika nyingi, kwa sababu televisheni ikiachiwa kazi ya kuzikunja zote kuwa mbili, mara nyingi besi na sauti za waimbaji hufifia. Na kwenye televisheni yenyewe zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo, ambao kila kampuni huuita kwa jina lake. Filamu za sinema kwa kawaida hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na mpangilio huo ukibaki umewashwa, mikono ya Mason itaonekana kama ya kuchora.