Emax imetoka 62 lakini hakuna mgonjwa aliyeshuka presha zaidi ya 24. Niiandikeje kwenye tasnifu?

MfamasiaMoro
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua modeli za mwitikio wa dawa. Nachambua data za dawa ya presha (jina nitalihifadhi, data si zangu peke yangu). Nimetumia modeli ya kawaida: mshuko wa presha = Emax × C / (EC50 + C), C ikiwa kiwango cha dawa kwenye damu, Emax mshuko wa juu kabisa ambao modeli inaukadiria, na EC50 kiwango cha dawa kinachotoa nusu ya Emax. Nimepata Emax 62 mmHg (kipimo cha presha) na EC50 480 ng/mL. Kosa sanifu la Emax (kipimo cha jinsi makadirio yasivyo na uhakika) ni asilimia 118 ya makadirio yenyewe. Kiwango cha juu kabisa nilichopima ni 210 ng/mL, na hapo presha ilishuka kwa wastani wa 19. Aliyeshuka kuliko wote ni 24.

Msimamizi wangu anataka niandike kwamba dawa hii "ina uwezo wa kushusha presha kwa 62 mmHg". Nasita. Kuna daktari atakayeisoma sentensi hiyo na kupandisha dozi akiitafuta hiyo 62. Mngeielezaje?

BintiTakwimu
Una haki ya kusita, usiiandike hivyo. Emax ni dari ambayo mchoro unaikaribia bila kuigusa. C ikilingana na EC50 unapata nusu yake, ikiwa mara 4 unapata asilimia 80, na asilimia 90 inataka mara 9. Kwako hiyo ni 4,320 ng/mL! Wewe umeishia 210, hata EC50 yenyewe hujaifikia.

Sasa shika kalamu ujaribu jozi hizi tatu:
Emax 45, EC50 290
Emax 62, EC50 480
Emax 100, EC50 901

Kwenye 210 ng/mL zote zinatoa mshuko wa 18.9. Kwenye 100 ng/mL zinatoa 11.5, 10.7 na 10.0. Presha ya mtu hupanda na kushuka kuliko hapo akiwa amekaa tu kitini. Data zako hazina namna ya kuchagua kati ya 45 na 100, ndiyo maana kosa sanifu limekuwa kubwa vile. Angalia na uhusiano kati ya makadirio ya Emax na EC50, nadhani utaukuta karibu na 1.

MfamasiaMoro
Asante dada. Ni 0.98. Kwa hiyo nizitupe zote mbili?

BintiTakwimu
Hapana. Ripoti kile ambacho data zinakijua, yaani mshuko unaotabiriwa ndani ya viwango ulivyopima. Linganisha pia na modeli ya mstari mnyoofu kwa AIC (alama ya kulinganisha modeli, ndogo ndiyo bora). Ikiwa mstari unatosha, utumie. Na ukiamua kuifunga Emax kwa thamani ya utafiti mwingine uliofika dozi kubwa, sema waziwazi kwamba umeifunga na umeitoa wapi.

MzeeWaDozi
Kijana, ongeza haya. Kwanza, athari ya dawa bandia (placebo, kidonge kisicho na dawa ndani) umeitenganisha? Isipotengwa inaingia ndani ya Emax. Pili, usiweke tofauti za mtu na mtu kwenye Emax na EC50 kwa pamoja, data hizo haziwezi kuzibeba. Tatu, mgonjwa wa presha 150 ukimtoa 62 anabaki na 88. Kabla hajafika huko mwili utajibu: moyo utakwenda mbio, figo zitatoa renini, inayochochea presha ipande tena. Modeli yako haina lolote la hayo, kwa hiyo haina mamlaka ya kusema kitu kuhusu huko.

LabKisumu
Shikamoo Mzee. Mimi nipo upande wa malaria, na huku tatizo ni vipimo (units). Emax yetu ni kasi ya kuua vimelea kwa saa. Mtu akiona 0.24 anadhani dawa inaua asilimia 24 tu, ikaishia hapo. Hesabu: vimelea vikizaana mara 10 kwa saa 48, kasi ya kukua ni 0.048 kwa saa (logi asilia ya 10, gawanya kwa 48). Itoe kwenye 0.24, inabaki 0.192. Zidisha kwa 48 unapata 9.2, na e kwa kipeo cha 9.2 ni karibu 10,000, yaani vimelea vinapungua karibu mara 10,000 katika mzunguko mmoja. Hiyo ndiyo nguvu inayojulikana ya dawa za jamii ya artemisinini! Kwa hiyo andika kipimo kando ya kila Emax, na useme kama ni mmHg au ni sehemu ya presha ya mwanzo.

MfamasiaMoro
Marahaba kwa niaba ya Mzee 😊 Dawa bandia nimeitenganisha, na Emax yangu ni mmHg. Nimeandika hivi: "Kati ya 0 na 210 ng/mL, mshuko wa presha uliongezeka kadiri kiwango cha dawa kilivyopanda, ukafika wastani wa 19 mmHg. Data hazikutosha kukadiria athari ya juu kabisa." Hiyo 62 nimeipeleka kwenye jedwali la kiambatisho pamoja na kosa lake sanifu.

BintiTakwimu
Safi sana. Weka na kipindi cha uhakika (confidence interval) cha hiyo 19, kisha mpelekee msimamizi na zile jozi tatu zikiwa kwenye mchoro mmoja. Akiona mistari imelaliana hadi 210 halafu inatawanyika, hamtabishana sana.

MzeeWaDozi
Na wino wa mistari ukomee 210. Kuanzia hapo weka nukta nukta.