Mkongomani akinunua kiti cha kwenda angani: tushangilie ao tumzomee?

Kalubwe_Mchana:
Wapendwa, naleta swali. Juni 2025 mwanasheria Mnaijeria, Owolabi Salis, alipanda New Shepard, roketi ya kampuni ya Blue Origin kule Texas, akawa Mnaijeria wa kwanza kufika angani. Sasa siku moja tajiri wetu wa Lubumbashi, mmoja wa hawa ambao malori yao yanafunga barabara ya Kasumbalesa, akinunua kiti, tushangilie ao tumzomee? Mimi nitazomea. Mwaka 2021 kiti kimoja cha chombo hicho kilipigwa mnada kikafika dola milioni 28. Virgin Galactic, kampuni nyingine ya safari hizo, nao walipandisha tiketi yao hadi dola 450,000 mwaka huohuo. Hapa umeme umekatwa tangu juzi, nimepika maharagwe kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, hadi usiku. Falanga ni zake, sikatai, lakini ni matusi kwa jirani. Na hadithi ya roketi sisi tunaijua. Mobutu aliwapa Wajerumani Manono, kule ambako hakuna mtu, roketi ikaanguka mbele ya macho yake.

Chuma_ya_Ruashi:
Falanga ni zake, ungeishia hapo. Watu wa mji huu kazi yenu ni kuhesabu mfuko wa mwenzenu. Tajiri akioza binti yake, magari yanapiga honi mji mzima, ng'ombe wanachinjwa, nani kati yenu alizomea? Mnavaa suti mnaenda kula. Kwa hiyo akila na nyie ni baraka, akipanda peke yake ni matusi.

Mwalimu_wa_Fizikia:
Kabla hamjagombana, jueni mnagombania nini. Ile ni lifti. Inapanda kidogo zaidi ya kilomita 100, inashuka kwa parashuti, dakika kumi ao kumi na moja yote imekwisha, na dakika za kuelea ni chache sana. Ili uizunguke dunia unahitaji mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, na lifti hii haifiki hata 4,000. Dennis Tito mwaka 2001 alilipa kama milioni 20, akapanda Soyuz ya Warusi hadi kituo cha kimataifa cha angani, akakaa huko karibu wiki nzima. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alimfuata mwaka 2002, tena yeye alikaa miezi Urusi akifanya mazoezi, akajifunza na Kirusi. Hao walisafiri. Hawa wa leo wanarudi chai haijapoa.

Mama_Bea_Katuba:
Mwalimu, nakuheshimu, lakini nimekusikia. Mwaka 2021 Branson wa Virgin na Bezos wa Blue Origin walipopanda mliwaita mashujaa, wanaume wa shoka. Aprili 2025 wamepanda wanawake sita, ghafla imekuwa lifti. Mmeona nywele za yule mwimbaji Katy Perry tu. Aisha Bowe aliyekuwa naye ni mhandisi, alifanya kazi NASA. Na Wally Funk je? Mwaka 1961 alishinda vipimo vya madaktari sawa na wanaume, wakamwacha chini kwa sababu ni mwanamke. Alipata kupanda akiwa na miaka 82, kwa lifti hiyohiyo unayoidharau. Mwambie yeye habari ya chai.

Mwalimu_wa_Fizikia:
Mama, rudi usome. Sikutaja mwanamke hata mmoja. Nilitaja kilomita. Na Branson hata 100 hakufika, aliishia kwenye 86 hivi. Wamarekani wanahesabu anga kuanzia 80, ndiyo maana alihesabiwa kuwa amefika. Kwangu mimi wote ni lifti, suruali kwa sketi.

Mama_Bea_Katuba:
"Suruali kwa sketi." Basi, umejionyesha.

Leki_wa_Kamalondo:
Bakubwa, miye minauliza kitu kimoya tu. Mutu akikufa kule juu, inakuwa namna gani? Hapa mucimbaji akikufa ku mashimo, famille inakuja, banafunga barabara, patron anatokea na kitu mukononi. Kule juu batafunga barabara gani?

Avoka_Golf:
Leki, umeuliza swali la maana kuliko wakubwa zako. Kwa sheria ya Marekani, abiria anaarifiwa kwa maandishi kwamba serikali haijathibitisha usalama wa chombo hicho, kisha anatia sahihi kwamba amekubali hatari. Kwa hiyo barabara inafungwa kabla ya safari, na anayeifunga ni abiria mwenyewe. Na vifo si hadithi. Oktoba 2014 chombo cha Virgin Galactic kilikatika hewani wakati wa majaribio California, rubani msaidizi Michael Alsbury akafa. Septemba 2022 roketi ya New Shepard iliharibika katikati ya safari. Kwa bahati haikuwa na mtu, na kapsuli ilijitenga ikashuka salama.

Mwana_Manono:
Nimesoma yote hadi hapa, lakini mimi sijatoka kwenye maneno ya Kalubwe. "Manono, kule ambako hakuna mtu." Ndugu yangu, bati ya Manono ililisha Wabelgiji, na umeme wa bwawa la Piana-Mwanga ulikuwa unawaka kwetu wakati hapo unapopikia maharagwe yako palikuwa shamba la mihogo. Leo makampuni yanashitakiana hadi ng'ambo kwa ajili ya lithiamu ya mahali ambako hakuna mtu.

Na kama unataka kusimulia roketi, isimulie sawasawa. Kampuni iliitwa OTRAG, ya Mjerumani Lutz Kayser. Hawakurushia Manono mjini, walirushia juu ya uwanda ulio kando ya mto Luvua. Roketi zilikuwa tatu. Ya Mei 1977 ilipanda. Ya Mei 1978 ilipanda. Ya Juni 1978, siku aliyoalikwa Mobutu, ndiyo iliyoanguka. Wewe umekumbuka ile moja tu, kwa sababu inachekesha.

Kalubwe_Mchana:
Sasa mukubwa, ilianguka ao haikuanguka? Umeandika aya mbili ili kuniambia ilianguka.

Chuma_ya_Ruashi:
Mwacheni Mwana_Manono, ametuletea dhahabu. Kampuni ya watu binafsi inarusha roketi hapa Katanga mwaka 1977! Musk wa SpaceX alikuwa mtoto anachezea Pretoria. Mwenyekiti wa OTRAG alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kuongoza Kennedy Space Center, kule walikorushia watu wa Mwezini. Tungeshika neno, leo hao mamilionea wangekuja kupandia hapa, sisi tunakata kodi ya uwanja, kodi ya visa, na mama zetu wanawauzia bukari.

Mwalimu_wa_Fizikia:
Hapo Chuma hajasema uongo. Karibu na ikweta dunia inakusukuma bure. Pale ikweta yenyewe ardhi inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa, na uwanja ule wa Luvua uko kama digrii nane tu kusini yake. Ndiyo maana Wafaransa wanarushia Kourou, kule Amerika ya Kusini. Faida hiyo ni ya vyombo vinavyoizunguka dunia, lakini. Kwa lifti haisaidii kitu.

Mama_Bea_Katuba:
Lifti tena.

Avoka_Golf:
Chuma, umesoma mkataba ule? Ni wa 1976. Eneo ni kilomita za mraba 100,000, yaani Ubelgiji mara tatu na zaidi, na haki zake zilikuwa zifike mwaka 2000. Wanakijiji wa Luvua hakuna aliyewauliza. Uwanja haukufungwa kwa sababu roketi moja ilianguka. Warusi walipiga kelele, majirani nao wakaogopa makombora, mwaka 1979 Mobutu akawafukuza, Kayser akahamia Libya kwa Kaddafi. Mahali mtu mmoja anatoa ardhi kwa sahihi, mtu huyohuyo anaitwaa kwa simu. Hiyo kodi yako ya uwanja ingeishia mfukoni mwa nani?

Chuma_ya_Ruashi:
Avoka, ninyi mawakili kila biashara kwenu ni wizi hadi mlipwe kuitetea. Nyumba ya Golf umejenga kwa mikataba ya nani?

Avoka_Golf:
Nyumba ni ya kupanga, na wewe unajua. Jibu swali.

Leki_wa_Kamalondo:
Na yule fundi wa Menkao, karibu na Kinshasa, Keka? Aliweka panya ndani ya Troposphère 5, roketi ikalala upande ikaenda kupiga chini. Panya hakutia sahihi ya Avoka.

Kalubwe_Mchana:
Leki, nimecheka peke yangu gizani. Lakini unaona? Mjerumani imeanguka, Keka imeanguka. Ndiyo maana nasema tumzomee.

Chuma_ya_Ruashi:
Huyo tajiri atapandia Texas, Keka anaingiaje? Keka alichanga makuta yake, akajenga kwa mikono yake. Mzomee huyo pia, zomea wote, wewe utabaki kwenye mbabula.

Mwalimu_wa_Fizikia:
Na moshi hamjaugusa kabisa. New Shepard inachoma haidrojeni na oksijeni, kinachotoka ni mvuke wa maji. Falcon 9, roketi ya Musk iliyobeba watalii wa safari ya Inspiration4 ya siku tatu mwaka 2021, inachoma mafuta ya taa, na masizi yake yanabaki juu muda mrefu kwa sababu huko mvua haiyafikii. Kama mnataka sababu ya kuzomea, hiyo ndiyo ya kupima.

Mama_Bea_Katuba:
Mwalimu anahesabu masizi ya Florida. Njoo Katuba jioni, kila nyumba inapika kwa makala, yaani mkaa, uhesabu na masizi yetu. Na bado hujamjibu Wally Funk.

Mwalimu_wa_Fizikia:
Nimjibu nini? Apumzike, amepanda lifti, hongera yake.

Mama_Bea_Katuba:
Mungu akusamehe, mimi bado.

Mwana_Manono:
Kalubwe, unajifanya umenisahau. "Hakuna mtu." Ufute, ao useme ulihesabu lini.

Kalubwe_Mchana:
Sifuti kitu. Nilisema kwa ujumla. Nitafutie lori, nije Manono nihesabu mwenyewe.

Mwana_Manono:
Lori, mwezi huu wa mvua? Tajiri wako atakuwa ameshaenda Texas na kurudi, wewe bado uko kwenye matope upande huu wa Mitwaba unasukuma.

Chuma_ya_Ruashi:
Mimi nina lori. Falanga mbele.