Wazazi wa watoto wenye usonji (autism), mlianzia wapi? Tupeane uzoefu

Mama Nuru (mleta mada): Habari zenu wapendwa. Leo kliniki nesi kampima mwanangu uzito, kajaza kadi, kasema anakua vizuri. Nikamwambia ana miaka miwili na miezi mitatu, haongei, nikimwita hageuki, lakini nikifungua biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Akanijibu wa kiume huchelewa. Nimetoka pale kadi imelowa jasho mkononi. Mlionitangulia, nifanyeje?

Baba Wawili: Hiyo ya biskuti imenirudisha nyuma. Wangu alikuwa anapanga vizibo vya soda mlangoni, mstari mmoja, ukisogeza kimoja analia saa nzima. Tukajua ni akili nyingi tu. Tumekuja kushtuka ana miaka 5. Anza na kipimo cha masikio, dada, maana kila utakapokwenda watakuuliza.

Bi Kidawa: Mpelekeni akakatwe udata. Mjukuu wangu aliongea wiki ileile.

Shangazi wa Mwanza: Udata na kugeuka ukiitwa vinahusiana nini, bibi? Tusiwakate watoto ndimi hovyo.

Mama Tausi: Naandika machozi yananitoka. Wangu alikuwa na miaka 4. Tumepanda daladala Mbagala Rangi Tatu, kiti anachokipenda cha dirishani kimekaliwa. Akaanza kupiga kelele, anajing'ata mkono, anarusha miguu. Nikashuka naye. Pale stendi mama mmoja akauliza, "Huyu mtoto ni wako?" Nikasema wangu. "Mbona hakuiti mama?" Jamani. Hajawahi kuniita mama tangu azaliwe, na siku hiyo nilidaiwa neno hilo mbele za watu. Wakajaa. Mwingine kanishika kanga, mwingine anasema mwizi wa watoto huyo, aitwe mjumbe. Mwanangu kelele zile zinamzidi, anajipiga kichwa. Nikamwaga mkoba chini, nikatoa kadi ya kliniki, konda mmoja akaisoma kwa sauti, jina la mtoto, jina langu. Ndipo wakaanza kutawanyika, mmojammoja, bila hata pole. Nilitembea naye kwa miguu mpaka nyumbani. Kesho yake ndiyo nilikwenda hospitali kubwa kutafuta jibu, maana nilitaka jina la hiki kitu niweze kuwaambia watu.

Mke wa Fundi: Pole sana mama. Nimeshindwa kuendelea kupika.

Baba Wawili: Hadi leo unatembea na kadi?

Mama Tausi: Kadi, na picha yetu wawili kwenye simu. Ana miaka 9 sasa.

Mzee wa Tanga: Mshoneeni jina na namba ya simu ndani ya nguo.

Mke wa Fundi: Wangu kitu chochote kinachokwaruza shingoni anavua nguo zote. Bora kumwandikia mkononi kwa kalamu.

Babake Zai: Wangu alikuwa anasema "baba" na "maji". Baada ya chanjo ya miezi 18 akanyamaza. Mnaniambia nini?

Shangazi wa Mwanza: Pole kaka. Wangu alinyamaza umri huohuo na chanjo hiyo ya pili ya surua na rubela alikuwa hajachomwa, tulikuwa safarini. Umri huo ndio watoto wengi dalili zinapojitokeza. Ule utafiti wa 1998 wa Andrew Wakefield uliozusha habari kwamba chanjo ya surua huleta usonji, jarida la The Lancet lenyewe liliufuta mwaka 2010, naye akafutiwa usajili wa udaktari. Surua ilimchukua mdogo wangu. Usimnyime Zai chanjo.

Babake Zai: Mimi nimeeleza nilichokiona kwangu. Usinifokee.

Shangazi wa Mwanza: Sikufokei. Naogopa surua.

Mama Chao, Nairobi: Huku kwetu kuna vituo vya EARC vya wizara ya elimu, tangu 1984. Wanampima mtoto na kukuelekeza shule. City Primary ina kitengo cha usonji tangu 2003. Mimi nilienda mtoto akiwa na miaka 6, na hapo katikati nilikuwa nikizunguka kwa maombi tu.

Mtabibu Kazi: Mama Nuru, kuna maswali 20 ya kuchunguza dalili za usonji yanayoitwa M-CHAT, ya watoto wa miezi 16 hadi 30. Mwanao ana 27, bado yumo. Hayatoi jibu la mwisho, yanaonyesha kama ufuatilie. Anakuonyesha kitu kwa kidole? Ukitazama kitu, naye anakitazama? Hospitali ya mkoa ulizia mtu wa tiba kazi, anayemsaidia mtoto kujifunza shughuli za kila siku; wengi wetu tumesomea KCMC Moshi. Na usisubiri karatasi ya daktari ndipo uanze. Kaa naye chini, shika anachokitaka karibu na uso wako, subiri akuangalie hata kidogo, kisha mpe papo hapo.

Mzee wa Tanga: Na simu mnyang'anye.

Mke wa Fundi: Usimnyang'anye ghafla! Punguza kidogokidogo.

Mama Nuru: Nimerudi. Nimejaribu na biskuti mara saba. Ya saba aliniangalia, kidogo sana, kama kupepesa. Kidole hanyooshi, anavuta mkono wangu. Jumatatu naenda masikio. Mama Tausi, nimeweka picha yetu kwenye simu.