Mama wa kaunta maktaba leo kanivua nguo mchana kweupe

Mods, huu uzi msiuunganishe na ule wa hosteli, huu ni msiba wa peke yake.

Nimetoka maktaba sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Wa hapa Tabora mnamjua. Miwani puani, kikombe cha chai ambacho nadhani kilishuka na treni ya kwanza.

Supavaiza kanirudishia sura ya pili: nimeandika reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, yeye kazungushia wino mwekundu, "chanzo?" Haya. Kompyuta inasema kitabu kipo, namba ya rafu 967.8, historia ya Tanzania. Naenda kwenye rafu: Uganda ipo, Kenya ipo, ghafla niko 968 Afrika Kusini. Tanzania nzima haipo! Nimepiga magoti mpaka rafu ya chini, nimekuta ganda la karanga.

Nikarudi kaunta na adabu zangu zote. "Shikamoo mama, naomba unisaidie..." Shikamoo ikabaki inaning'inia. Akatazama waya wangu ukutani, akasema kwa sauti ya mnadi mitumba: "Kijana, umekuja kusoma au umekuja kuchaji simu?"

KUCHAJI SIMU, wakuu. Fasti yia wote wakainua vichwa. Binti wa meza ya dirishani, ninayemvizia tangu muhula uanze, akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Kitabu hata hakuuliza kinaitwaje! Ada nimelipa, faini ya siku mbili nimelipa, shikamoo nimetoa. Halafu kuchaji simu!

Mnyanyembe_Og: Pole mkuu. Simu ilikuwa imefika ngapi?

Mtoa mada: 64. Lakini hiyo siyo mada.

Ganda_la_Muhogo: Kumbe kweli ulikuwa unachaji 😂😂 Mama apewe ulinzi.

Sapu_Tatu: Dogo, vitabu vinavyogombaniwa viko rizevu, hapo hapo nyuma ya kaunta. Unaacha kitambulisho, unasomea humo humo kwa saa mbili, unarudisha. Imeandikwa ukutani.

Mtoa mada: Kwa hiyo kilikuwa mgongoni kwake muda wote??? Si angesema! Yeye akaona kuchaji simu!

Ganda_la_Muhogo: Imeandikwa ukutani, na wewe ukutani uliona soketi tu.

Binti_Dirishani: Mimi nilicheka ile shikamoo.

Mnyanyembe_Og: Uzi umeisha hapa, tuzime taa.

Mwisho_wa_Reli: Nyie mnasemwa tu mnalia. Huku Kigoma nilipewa kitabu, sura niliyoifuata imekatwa kwa wembe, ukurasa wa 40 unadakwa na wa 69. Kurudisha, nikaambiwa niliyekata ni mimi.

Ujiji_Kwetu: Wembe afadhali. Mimi nimetoka likizo, begi nikaacha pale mlangoni kama sheria yao, ndani kuna dagaa wa nyumbani. Nasoma, nasikia mlinzi anawaambia watu pana kitu kimekufa. Begi nimelikuta juani, limezungukwa na paka.

Sapu_Tatu: Dagaa wa wapi hao?

Ujiji_Kwetu: Kibirizi. Wakavu, hawana mchanga.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu mzima anakuambia kuchaji simu mbele ya

Sapu_Tatu: Sado bei gani?

Mnyanyembe_Og: Na migebuka unayo?

Ujiji_Kwetu: Njooni inboksi.